Washirazi wa Barossa

Najua nilipotea, kazi zilinibana na baridi ya huku mwezi wa saba si ya kuchezea, lakini leo nimerudi na habari ndefu kidogo, kwa hiyo chukueni chai kabisa.

Angalizo kwanza. Wengi mnaonisoma hamnywi, wengine kwa sababu ya dini, wengine mmeamua tu, na mimi mwenyewe kwa mwezi sizidi chupa mbili. Hii ni habari ya shamba na historia. Asiyekunywa asome bila wasiwasi, herufi hazileweshi.

Mambo yalianza na jina. Wiki yangu ya kwanza hapa Adelaide nilimsindikiza mwenyeji wangu kwenye duka la vinywaji, nikakuta ukuta mzima umejaa chupa zimeandikwa SHIRAZ. Sasa mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania akiona neno hilo hafikirii kilevi. Anaiona Kilwa, anayaona yale majahazi saba ya Ali bin Hassan na ndugu zake, anaiona Afro-Shirazi Party na picha ya Mzee Karume. Nikajiuliza, huku Australia Washirazi walifika lini? Nilimuuliza mwenyeji wangu, Mkenya wa Kisumu aliyekaa huku miaka mingi, akanijibu kwamba hiyo ni aina ya zabibu, nisimchoshe.

Imenichukua miaka kupata jibu la kunitosha, na jibu lenyewe limenipitisha kwenye mashamba yenye mizabibu iliyopandwa zaidi ya miaka 60 kabla ya reli ya kati kuanza kujengwa, na ambayo bado inazaa.

Nilifika mashamba hayo kwa njaa tu, sikuwa mtalii. Nilikuwa mwanafunzi, hela imeisha, nikapata kibarua cha kupogoa mizabibu bonde la Barossa, kama kilomita 60 hivi kaskazini-mashariki ya Adelaide. Huku mizabibu hupogolewa majira ya baridi, mwezi wa sita hadi wa nane, ikiwa imepukutisha majani yote na imelala. Mimi ni mtoto wa Dodoma, mizabibu naijua tangu utotoni, lakini mizabibu ya kwetu hailali. Kule joto ni la mwaka mzima, ukiipogoa inachipua, unavuna mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilipoona shamba zima limekauka kama kuni nilidhani tumeletwa kung'oa mizabibu iliyokufa. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. (Wakala aliyetupeleka alitukata nauli mara mbili, lakini hayo tuyaache.)

Mwenye shamba alikuwa mzee wa miaka karibu themanini, Mwaustralia mwenye asili ya Kijerumani. Jina lake nalihifadhi. Siku ya tatu alinichukua kando akanionyesha kipande cha kama ekari moja nyuma ya banda la trekta. Mizabibu ile haikuwa na waya wala nguzo, kila mmoja umesimama peke yake kama kichaka, shina nene kama kiuno cha mtu mzima, limepinda, limepasuka, lingine lina tundu unapitisha mkono. Akaniambia hii inaitwa Grenache, aliipanda babu yake. Akanipa mkasi akasema hapa fanya polepole, kila mmoja uutazame kwanza kabla hujakata.

Basi tuanze tangu mwanzo.

Mzabibu si mti wa Australia. Meli za kwanza za Waingereza zilizoleta wafungwa Sydney mwaka 1788 zilibeba vipandikizi vya mizabibu vilivyochukuliwa njiani, Rio de Janeiro na Rasi ya Tumaini Jema. Ile ya kwanza haikufika mbali. Mtu anayekumbukwa zaidi ni Mskoti mmoja, James Busby, ambaye mwaka 1831 alizunguka Hispania na Ufaransa akikusanya vipandikizi vya mamia ya aina za zabibu, akavipeleka Sydney. Kutoka hapo watu wakagawana. Busby mwenyewe akapelekwa New Zealand kuwa mwakilishi wa Waingereza, akashiriki kuandika ule mkataba wa Waitangi wa 1840 kati yao na Wamaori. Kwa wengi wa New Zealand ndiye huyo wa mkataba, na kwa wakulima wa huku ndiye aliyeleta mizabibu.

Jimbo tunaloishi sisi, Australia Kusini, lilianzishwa 1836 na halikuwa koloni la wafungwa kama Sydney. Mwaka 1838 zikaanza kufika meli za Walutheri kutoka Prussia na Silesia. Watu hawa waligombana na mfalme wao, Friedrich Wilhelm wa Tatu, aliyetaka kuunganisha makanisa na kuwapangia namna ya kusali, wakaona bora wahame. Tajiri mmoja wa London, George Fife Angas, aliwasaidia nauli kwa sababu alikuwa na maslahi kwenye ardhi ya huku na alihitaji wakulima. Naomba wasomaji wa nyumbani msichanganye. Hawa si wale Wajerumani wetu wa Carl Peters. Hawa waliondoka kwao karibu miaka 50 kabla Peters hajafika kusainisha machifu mikataba, na walikuwa wakulima maskini wanaokimbia serikali.

Lakini tusiwape utakatifu wasiokuwa nao. Bonde walilopewa halikuwa tupu. Lilikuwa nchi ya Waperamangk, Wangadjuri na Wakaurna, ambao hakuna aliyewauliza. Huku watu wanapenda sana neno "kale" wanapozungumzia shamba la 1843, na kila nikilisikia huwa nawakumbuka wale waliokuwepo hapo makumi ya maelfu ya miaka kabla.

Kijiji cha Bethany kilianza 1842. Mwaka uliofuata, pale Langmeil, fundi chuma mmoja aitwaye Christian Auricht akapanda mizabibu ya Shiraz. Kipande cha shamba lile bado kipo. Inaaminika kwamba huenda ndiyo mizabibu ya Shiraz yenye umri mkubwa kuliko yote inayozaa duniani. Ikafuata mingine, pale Turkey Flat Shiraz ya 1847, na Rowland Flat kuna Mourvèdre ya 1853, ambayo wenyeji wa Barossa wanaiita Mataro. Ng'ambo kidogo, kwenye vilima vya Eden Valley, mbele ya kanisa la Gnadenberg, kuna shamba la familia ya Henschke linaloitwa Hill of Grace. Jina hilo ni tafsiri ya jina la kanisa, kilima cha neema. Mizabibu yake mikongwe ilipandwa miaka ya 1860 na familia huiita "mababu". Chupa ya shamba hilo bei yake inahesabika kwa mamia ya dola, sijawahi kuinunua na sitegemei.

Swali lililonisumbua ni hili. Zabibu hizi zilitoka Ulaya. Kwa nini mizabibu ya zamani kabisa iko huku walikoipeleka na siyo kule ilikotoka?

Jibu ni mdudu. Ni jamii ya vidukari, mdogo kiasi kwamba unahitaji kioo cha kukuzia umwone vizuri, anaitwa filoksera. Kwao ni Amerika Kaskazini, na mizabibu ya asili ya huko imezoeana naye, akiuma mizizi inapona. Mzabibu wa Ulaya haukuwahi kumwona. Miaka ya 1860 wafanyabiashara walisafirisha mimea kutoka Marekani kwa meli za mvuke zilizokuwa na kasi, na mdudu akafika akiwa hai. Mashamba ya kusini mwa Ufaransa yakaanza kunyauka kutoka katikati, kama doa la mafuta linavyosambaa kwenye nguo, na wakichimba wanakuta mizizi imeoza lakini mdudu keshahamia mti wa jirani. Katika miaka 30 mashamba mengi ya Ufaransa yakaangamia, yakafuata ya Hispania, Italia, Ureno. Walijaribu kumwaga dawa kwenye udongo, walijaribu kufurika mashamba maji. Kilichowaokoa mwishowe ni kubebesha, kama tunavyobebesha miembe na michungwa, shina la chini la mzabibu wa Kimarekani na tawi la juu la Kifaransa. Hadi leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya imesimama juu ya mizizi ya Kimarekani.

Mdudu alifika Australia pia. Mwaka 1877 aligundulika karibu na Geelong, jimbo la Victoria, na serikali ikaamuru mashamba ya eneo lile yang'olewe yote. Haikusaidia sana, miaka ya 1890 alikuwa Bendigo na Rutherglen. Australia Kusini wakaangalia yale ya jirani wakafunga mlango. Mwaka 1899 walitunga sheria na kuunda bodi ya kumzuia mdudu huyu, hakuna kuingiza kipandikizi wala udongo bila ruhusa, na kwa bahati na ukali wao hajawahi kuingia jimboni mpaka leo. Ndiyo maana ukienda kutembelea shamba la huku watakuomba upulizie viatu dawa au uvae vya plastiki. Siku ya kwanza niliona dharau, kana kwamba Mwafrika ana uchafu, nikanuna. Baadaye nikaona wanawafanyia hivyo hata Wafaransa.

Kwa hiyo mizabibu ya Barossa ya miaka ya 1840 na 1850 imesimama kwenye mizizi yake yenyewe. Na kwa kuwa mzabibu haupandwi kwa mbegu bali kwa kukata kijiti cha mama na kukichomeka ardhini, ile ni miti ileile ya Ufaransa ya kabla ya mdudu, imeendelezwa upande wa pili wa dunia.

Mpaka hapa mtasema hongera zao, walikuwa na akili. Hapana wadau. Mdudu ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja karibu hakuna aliyeona thamani ya mizabibu hiyo. Barossa haikuwa ikiuza mvinyo wa kuonja na kusifia. Ilikuwa ikitengeneza mvinyo mtamu uliotiwa pombe kali, wa mtindo wa Ureno, na kuupakia melini kwenda Uingereza, hasa baada ya serikali kuanza kulipa ruzuku ya mauzo hayo mwaka 1924. Kwa kinywaji hicho ulihitaji zabibu yenye sukari nyingi, na Grenache kikongwe kinachopigwa jua bila kumwagiliwa kinatoa sukari hasa. Wakulima walikuwa na vipande vidogo, hawakuwa na hela ya kung'oa na kupanda upya, na wengi walikuwa na ule ugumu wa Kilutheri wa kutotupa kitu kinachofanya kazi. Basi mizabibu ikabaki. Ilipona kama vile baiskeli ya babu inavyopona, kwa sababu hakuna mwenye pesa ya kununua nyingine.

Yalipita na mengine ya kuchekesha na kuhuzunisha. Wakati wa vita vya kwanza, mwaka 1917, serikali ya jimbo ilifuta majina ya Kijerumani kwenye ramani. Langmeil ikaitwa Bilyara, Gnadenfrei ikaitwa Marananga. Waliokimbia mfalme wa Prussia wakajikuta wanahesabiwa watu wake.

Miaka ya 1950 ndipo mtu mmoja aliona. Max Schubert, mtengenezaji mkuu wa Penfolds, alitembelea Bordeaux akaonjeshwa mvinyo wa miaka 40 na 50 ambao bado uko hai, akarudi na wazo la kutengeneza kitu cha kudumu kama hicho kwa Shiraz ya huku. Mwaka 1951 akajaribu, akauita Grange. Mwaka 1957 wakubwa wa kampuni na wajuzi wa Sydney waliuonja wakauponda, akaamriwa kuacha. Hakuacha. Mavuno matatu, ya 1957, 1958 na 1959, aliyatengeneza kwa siri ndani ya maghala ya kampuni hiyohiyo. Yale ya mwanzo yalipokomaa na kuonjwa tena, wakamrudishia ruhusa mwaka 1960. Leo Grange ndiyo chupa maarufu kuliko zote Australia.

Ungedhani baada ya hapo watu wameelewa. Miaka ya 1970 Waaustralia wakahamia mvinyo mweupe, nyekundu zikadoda. Peter Lehmann, msimamizi wa kiwanda kimoja Barossa, aliamriwa na kampuni asinunue zabibu za wakulima. Alikuwa ameshawapa neno lake kwa kupeana mikono tu, bila karatasi. Akatafuta washirika na mikopo, akanunua mwenyewe, na biashara ile akaiita Masterson, jina la mcheza kamari wa hadithini, kwa sababu ilikuwa kamari kweli. Baadaye kiwanda kikabeba jina lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013 na wazee wa huku bado wakimtaja hupunguza sauti.

Kwani katikati ya miaka ya 1980 serikali ilikuja na mpango wa kung'oa. Zabibu zilikuwa nyingi kuliko soko, kwa hiyo mkulima alilipwa kwa kila hekta aliyoing'oa. Wengi wakapokea. Shiraz na Grenache zenye miaka 80 na 100 zikavutwa kwa minyororo ya trekta, zikarundikwa, zikachomwa. Yule mzee aliniambia kuna jioni ukisimama kwenye kilima unaona moshi pande zote. Miaka michache tu baadaye, mwishoni mwa muongo huohuo na kuingia wa 1990, wakaibuka watengenezaji wadogo kama Rockford na Charles Melton wakatafuta zabibu zilezile kwa udi na uvumba, na wanunuzi wa Uingereza na Marekani wakapanga foleni. Waliokuwa wamechukua hela ya kung'oa walikuwa wameshapanda nyumba au malisho.

Hapa naomba niseme la kwetu. Mizabibu ilifika Dodoma mwishoni mwa miaka ya 1950 na wamisionari wa Kiitalia pale Bihawana. Baba yangu mdogo alikuwa na robo tatu ya ekari Hombolo. Mnunuzi alipoacha kulipa, akasubiri msimu mmoja, akasubiri wa pili, wa tatu akang'oa akapanda alizeti. Mizabibu ilikuwa na miaka 17. Sisi watoto tulifurahi sana, kuni za mzabibu zinawaka vizuri, tulichomea mahindi karibu mwezi mzima. Sikuwahi kulifikiria tena tukio lile mpaka mzee wa Barossa aliposema habari ya moshi.

Haya, sasa tuje kwenye kuonja, maana najua kuna waliovumilia kwa ajili ya hili.

Kwanza msimimine mvinyo mwekundu ukiwa umetoka kwenye friji, na msiuache kwenye joto la Dar pia. Uwe wa ubaridi wa maji ya mtungi. Mimina theluthi ya glasi, usijaze, nafasi ile ya juu ni ya harufu. Utazame. Shiraz changa ya Barossa ina rangi ya zambarau kabisa, hata mate yako yatageuka kama tulivyokuwa tukirudi na ndimi nyeusi kutoka mtini. Grenache rangi yake ni nyepesi, unaweza ukadharau ukadhani imechanganywa na maji. Usidharau.

Ukinusa Shiraz, tafuta pilipili manga. Si mawazo yako. Mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya mvinyo ya Australia, iliyoko hapahapa Adelaide, walionyesha kwamba harufu ile inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ileile iliyomo kwenye pilipili manga ya kusaga. Kwenye sehemu zenye ubaridi zaidi, kama Grampians kule Victoria, inazidi. Na mtu mmoja kati ya watano hivi haisikii kabisa. Mke wangu ni mmoja wao, tumebishana miaka miwili kabla ya kusoma hilo. Baadhi ya mvinyo una harufu ya mkaratusi, na hiyo nayo ni ya kweli, inatoka kwenye mikaratusi iliyo kando ya shamba, mafuta yake hupeperuka yakatua kwenye zabibu. Ukisikia nazi na vanila, hapo unanusa pipa, mbao za mwaloni wa Kimarekani, siyo zabibu.

Mdomoni kuna ukakasi, ule wa bibo au ndizi isiyoiva, unaotoka kwenye maganda. Na hapa ndipo mimi naona tofauti ya mizabibu mikongwe, ingawa sikuapii. Mtu hutegemea kitu kizito zaidi, kikali zaidi. Mimi nilichokuta kwenye zile nzuri ni kinyume chake. Ukakasi ni laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na ladha haiondoki, umemeza unahesabu kumi, kumi na tano, bado ipo. Mzabibu mkongwe huzaa kidogo, vishada vichache, mizizi imeshuka chini sana kiasi kwamba ukame wa mwaka mmoja au mvua ya ghafla haiustui kama mchanga. Ndivyo wakulima wanavyoeleza. Lakini kuna mtengenezaji mmoja alinipa hoja nyingine ambayo siwezi kuipangua. Alisema mizabibu mibovu ya 1850 iling'olewa zamani, iliyobaki ni ile ambayo kila kizazi kilikuwa na sababu ya kuiacha. Labda ni mizuri kwa kuwa ni ya zamani, labda imekuwa ya zamani kwa kuwa ilikuwa mizuri tangu mwanzo.

Na msidanganyike na kila chupa iliyoandikwa mizabibu mikongwe, maana hakuna sheria inayosema mkongwe ni miaka mingapi. Barossa walijiwekea hati yao mwaka 2009, miaka 35 kwenda juu ni mkongwe, 70 ni "manusura", 100 ina jina lake, na 125 kwenda juu inaitwa "wahenga". Ni hati ya hiari. Haimzuii mtu kung'oa. Nimeonja pia chupa za bei mbaya za mizabibu ya "wahenga" zilizopikwa na jua na kuzamishwa kwenye mbao mpya hadi ukawa unakunywa seremala. Shamba likiwa zuri mwenye kiwanda anatakiwa anyamaze kidogo.

Sasa lile la jina. Wafaransa wa kilima cha Hermitage, bonde la mto Rhône, wana hadithi kwamba askari mmoja wa vita vya msalaba alirudi kutoka mashariki na mzabibu wa Shiraz, Uajemi, akaupanda hapo akawa mtawa. Kwao zabibu inaitwa Syrah. Busby alipoileta Australia aliiandika Scyras, na kwa midomo ya wakulima ikatulia kwenye Shiraz, na kila mtu akaamini imetoka Uajemi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California pale Davis na wenzao wa Montpellier wakapima vinasaba. Wazazi wake wote wawili wakapatikana kusini-mashariki mwa Ufaransa, baba Dureza, zabibu nyeusi, na mama Mondeuse Blanche, nyeupe, mimea ambayo hata Wafaransa wenyewe walikuwa wameisahau. Hakuna Uajemi.

Na sisi je? Miaka mingi wanahistoria walitufundisha kwamba habari ya Washirazi wa Kilwa ni ya kujikweza, watu wa pwani wakijitafutia mababu wa mbali. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita katika miji ya pwani yetu kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Wakakuta upande wa akina mama ni Waafrika karibu wote, na upande wa akina baba wengi walitoka Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Haithibitishi majahazi saba. Haisemi pia kwamba Wageni ndio waliojenga miji. Lakini Washirazi wa Kilwa walikuwa na cha kusimamia. Washirazi wa Barossa ndio waliojipachika ukoo. Mwenyeji wangu wa Kisumu nilipompigia kumweleza haya alikata simu.

Nimalizie na mzee. China ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa mvinyo wa Australia kwa thamani, nyekundu hasa. Mwishoni mwa 2020 ikaweka ushuru uliozidi asilimia 200 kwa baadhi ya kampuni, ukaja kuondolewa mwezi wa tatu 2024. Ndani ya miaka hiyo mitatu na zaidi matangi yalijaa, bei ya zabibu nyekundu ikaporomoka, na wakulima wakaanza tena kung'oa, safari hii bila hata fidia. Yule mzee aliniambia zabibu zake za kawaida msimu mmoja hazikurudisha hata gharama ya kuvuna. Wanawe wako Sydney na Perth, hawataki shamba. Kuna mtu anataka kile kipande cha nyuma ya banda kwa ajili ya nyumba za wageni.

Huwa naenda kumsaidia siku za Jumamosi majira ya kupogoa, siku hizi bila malipo, ananipa chupa na soseji. Mwaka huu nilikuta amepaka rangi nyekundu kwenye mashina ya mistari sita ya mwisho. Nikamuuliza ile ndiyo inayong'olewa. Akasema bado hajaamua, amepaka tu ili aone itakuwaje akiiangalia ikiwa na rangi. Tukanywa chai. Nilipofika kwenye mistari ile nilisimama nikamwangalia, kwa sababu mtu hapogoi mzabibu unaokwenda kuchomwa, unapogoa ili mwakani uvune. Alikuwa upande wa pili, kichwa kimeinama, mkasi unafanya kazi. Bila kuinua kichwa akasema, na hiyo pia.

Nikapogoa yote sita. Tulimaliza saa kumi na moja jioni, giza linaingia.